Mazimwi Weupe wa Lebrecht

Habari ya nyundo Ottilie Köhler aliipata Jumamosi, akiwa anaosha brashi zake, na aliyemletea ni Bwana Hasse mwenyewe, mwenye kiwanda. Hiyo ilikuwa heshima ya aina yake, maana Bwana Hasse alikuwa na kawaida ya kuachia watu wengine habari mbaya, yeye akabaki na nzuri.

"Mama Köhler," alisema, kofia mkononi, macho dirishani. "Novemba, Jumatatu baada ya sikukuu ya Mtakatifu Martin, tunavunja kalibu za marehemu mumeo. Dari imejaa, hatuna pa kuweka mpya. Pigo la kwanza ni lako, kama desturi."

"Zote?"

"Za mazimwi zote. Sahani na birika zake tunaendelea nazo, zinauzika. Lakini mazimwi, mama, sema kweli. Nani anaweka kitu kama kile mezani akala?"

Na ni kweli, hakuna aliyeweka.

Ndivyo walivyofanya Rauental, tangu kiwanda kilipoanza kuchoma kauri katika bonde lile. Mchongaji akifa na kazi yake haiuziki, kalibu zake za plasta, zile zinazotiwa udongo upate umbo, zinateremshwa kutoka darini na kupangwa uani. Mjane anapewa nyundo, anapiga pigo la kwanza, wanaume wanamalizia, kisha watu wote wanaingia ndani kunywa kahawa na kula keki ya zambarau. Vipande vinakwenda kufukia mashimo ya barabara. Watu wa Rauental waliona wanamfanyia mtu heshima. Ottilie mwenyewe aliwahi kula keki hiyo kwa ajili ya waume wa wenzake, tena siku moja aliongeza kipande. Sasa zamu ilikuwa yake na keki ilimkaa kooni kabla haijaokwa.

Mume wake Lebrecht alikuwa amekufa mwezi Februari, kwa vumbi la udongo mweupe lililomkaa kifuani kama linavyowakaa wachongaji wote wa pale. Hakuna aliyeshangaa. Watoto hawakujaliwa. Picha ya uso wake haikuwepo, kwani wakati huo kupiga picha kulikuwa jambo jipya na la watu wa mjini. Kilichobaki cha Lebrecht duniani ni kiti chake, koti ambalo Ottilie hakuthubutu kuligawa, na wale mazimwi.

Na walikuwa mazimwi kwelikweli, tusifichane. Kulikuwa na jogoo mwenye miguu ya chura. Kulikuwa na mbuzi aliyeishia mkia wa samaki, na bukini mnene mwenye kichwa cha nguruwe, na bundi aliyekaa kitako na kukunja makucha ya simba juu ya tumbo kama mtu aliyeshiba. Kila mmoja alikuwa na ukubwa wa paka. Lebrecht alikuwa akiwatengeneza akimaliza kazi za watu, na Bwana Hasse mzee, baba wa huyu, alikuwa akimwachia kwa sababu aliwaona wanachekesha. Hasse mzee alikufa, na kucheka kukafa naye.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Hasse mzee hakulijua, wala mtu mwingine yeyote isipokuwa mume na mke. Kila zimwi lilikuwa na sura ya mtu wa Rauental.

Ulikuwa mchezo wao. Lebrecht angerudi na zimwi jipya limefungwa kwenye kitambaa chenye maji, udongo haujakauka, aliweke mezani kando ya bakuli la matonge ya viazi, aseme, "Kisia."

"Nile kwanza."

"Kisia kwanza."

Ottilie angelizungusha, alitazame huku, alitazame kule. "Mchungaji Bölke."

"Umejuaje?"

"Kidevu. Kile kidevu kinahubiri hata kikinyamaza."

Hapo Lebrecht angecheka mpaka ashike meza, naye Ottilie angecheka pia, kisha angekumbuka nyumba ni ya kiwanda na mkate ni wa kiwanda. "Wewe utatufukuzisha, mwanamume wewe." Na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mchoraji wa buluu, mkono mwepesi kuliko wote kiwandani, zimwi likija kwenye meza yake alilifunika. Kidevu cha mchungaji alikichora manyoya. Mashavu ya mwenye kiwanda cha bia aliyachora magamba, msitari kwa msitari, mpaka jicho la mtu likafuata magamba na kusahau shavu. Bukini mwenye kichwa cha nguruwe ndiye aliyemtoa jasho kuliko wote. Yule alikuwa Bwana Hasse huyuhuyu, kijana wakati huo, na nyusi yake moja iliyopanda juu kama mtu anayenusa maziwa yaliyochacha. Ottilie alimchorea shada zima la maua usoni. Miaka yote hiyo hakuna aliyegundua. Lebrecht anachonga, Ottilie anaficha: ndiyo ilikuwa ndoa yao, na ilikuwa ndoa nzuri.

Zimwi moja tu hakupata kulikisia. Kiangazi cha mwisho Ottilie alikuwa mji wa Saalfeld akimuuguza mama yake, na aliporudi alimkuta Lebrecht anatema damu na zimwi la mwisho limekwishapita tanuruni. Lilikuwa mbwa mwenye mwili wa samaki. Kwa kuwa Ottilie hakuwepo, aliyelipaka rangi ni jirani yake wa meza, Alwine, na Alwine, aliyekuwa na mapenzi mengi kuliko mkono, alilipaka buluu tupu, nzito, kuanzia masikio hadi mkia. Likatoka tanuruni linang'aa kama kisima. Ukilitazama usoni unaona dirisha, unaona taa, unaona kivuli chako mwenyewe. Uso wenyewe huuoni.

"Huyu hujamkisia," Lebrecht alimwambia kutoka kitandani.

"Tarishi."

Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. "Siye."

"Mwalimu wa kwaya."

"Siye. Tazama vizuri."

Alitazama vizuri. Alilipapasa kwa vidole gizani, kwa kuwa vidole vya mchoraji navyo vina macho yake, lakini rangi ilikuwa imejaa kila bonde la ule uso. Kalibu ingeweza kusema, ila kalibu inaonyesha uso ndani nje, kipande hapa kipande pale, tena kalibu zote zilikuwa darini na ufunguo ulikuwa kwa Bwana Hasse. Ottilie alikisia nusu ya mji. Lebrecht alikuwa anatikisa kichwa na kutabasamu, na mwisho akafa bila kumwambia. Hilo lilimuudhi Ottilie mpaka leo. Kumlilia alimlilia, lakini na kumkasirikia alimkasirikia vilevile.

Sasa kalibu zikivunjwa, jibu linavunjika nazo. Na zaidi ya jibu, ile mikono ya Lebrecht ambayo ilikuwa imebaki katika plasta, kila alama ya kidole gumba, ingekwenda kukanyagwa na magari ya makaa. Ottilie hakulala vizuri Jumamosi ile. Jumapili hakumsikiliza Mchungaji Bölke, alikitazama kidevu chake tu. Jumatatu alipiga moyo konde akaenda ofisini.

"Bwana Hasse, nasikia unamleta mpiga picha."

"Ndiyo. Bwana Kuhnert wa Erfurt. Tunapiga picha ya sahani na vikombe, tunaipeleka kwenye maonyesho ya Leipzig. Wafanyabiashara siku hizi hawataki kubeba sampuli, wanataka karatasi."

"Mpige na mazimwi."

"Mama Köhler..."

"Mara moja tu. Mtu akiagiza, kalibu zinabaki. Asipoagiza hata mmoja, nipe nyundo nitapiga mwenyewe, na keki nitaoka mwenyewe."

Bwana Hasse alikuwa mgumu lakini hakuwa katili, na ahadi ya keki kutoka kwa Ottilie haikuwa kitu cha kudharau. Alikubali.

Kuhnert alifika mwezi Septemba na gari lake la farasi mmoja, limejaa masanduku, chupa na hema jeusi lililonuka dawa kali mpaka paka wa kiwanda wakahama. Alikuwa mtu mwembamba mwenye vidole vilivyoungua kwa dawa, vyeusi kama vya mfua bunduki. Sahani alizipiga asubuhi. Baada ya chakula alisema, "Haya, leteni hao wanyama," na Ottilie akawaleta mwenyewe mmoja mmoja, kama anavyobebwa mtoto mchanga, asimruhusu mtu mwingine kuwagusa.

Aliwapanga uani juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheusi. Bukini na jogoo mbele, mbuzi kati, bundi kando. Mbwa-samaki hakupata nafasi, akamweka nyuma juu ya kisanduku, kichwa kikichungulia juu ya mabega ya wenzake.

"Mama, huyo wa nyuma ni mzigo wa giza tu," Kuhnert alisema. "Tumtoe?"

"Asitoke mtu."

"Sawa, sawa. Usitingishe meza. Hata pumzi, zipunguze."

Alifunua jicho la sanduku lake, akaitoa saa mfukoni, akaitazama huku midomo ikihesabu. Kisha alifunika, akachomoa bamba la kioo ndani ya kasha lake, akatokomea ndani ya hema. Ottilie alisikia maji yakimwagwa. Kuhnert alipotoka alilishika bamba kwa kingo, linadondosha maji, akaliweka juu ya kitambaa cheusi ili picha ionekane kama macho ya watu yanavyoona.

"Njoo utazame wanao," alisema.

Ottilie aliinama. Kwanza hakuelewa anachokiona. Walikuwa wale wale, wamekaa vile vile, lakini walikuwa uchi. Magamba hakuna. Manyoya hakuna. Shada la maua alilolichora kwa wiki nzima juu ya uso wa bukini lilikuwa limeyeyuka, na wote walikuwa weupe kama wametoka tanuruni jana.

"Rangi yangu iko wapi?"

"Buluu? Buluu haikai, mama." Kuhnert alikuwa anafuta vidole. "Dawa hii haina akili ya macho. Nyekundu inaiona nyeusi, njano inaiona nyeusi, lakini buluu na nyeupe kwake ni kitu kimoja. Anga likiwa buluu zuri, kwenye picha linatoka jeupe tupu. Ungeniambia ni kazi ya buluu ningekuonya."

"Hukuona ni buluu?"

"Niliona. Nilidhani mnajua."

Kwa kuwa buluu ilikuwa imeondoka, kilichobaki ni kile alichokuwa akikificha tangu siku ya kwanza. Kidevu cha Mchungaji Bölke kilikuwa kinahubiri juu ya shingo ya jogoo. Mwenye kiwanda cha bia alikuwa amevimbisha mashavu juu ya ndevu za mbuzi. Na mbele kabisa, katikati ya picha, kana kwamba ndiye aliyemlipa mpiga picha, amekaa bukini mwenye kichwa cha nguruwe, nyusi moja juu, Bwana Hasse hasa, wala huhitaji kuambiwa.

Alijua mara moja maana yake. Hasse akiiona, kalibu zisingengoja Mtakatifu Martin. Zingevunjwa leo, bila kahawa.

"Nishikie, mama," Kuhnert alisema, akamtilia bamba mkononi. "Hivi, kwa kingo. Nakwenda kupasha moto vanishi, bila hiyo litakwaruzika. Likianguka tumekwisha, mwanga unapotea sasa hivi, na mimi kesho asubuhi niko njiani kwenda Coburg."

Aliingia kwenye hema. Ottilie alibaki peke yake uani na kioo kati ya vidole vyake. Ilikuwa rahisi mno. Mjane, mikono inatetemeka, kioo kimelowa, nani angemlaumu? Mungu amsamehe, vidole vilikwisha kulegea. Lakini bila picha hakuna Leipzig, na bila Leipzig kuna nyundo. Akilidondosha, kalibu zimekufa. Asipolidondosha, Hasse atajiona, na kalibu zimekufa pia. Alisimama pale hajui afe kwa lipi, na kwa kuwa hakujua, alitazama tena.

Hapo ndipo alipomwona aliye nyuma.

Mbwa-samaki hakuwa tena mzigo wa giza. Buluu nzito ya Alwine ilikuwa imegeuka mwanga, na uso uliozama kisimani ulikuwa umepanda juu. Pua ilikuwa imepinda kushoto, pale fremu ya kalibu ilipoiangukia mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Sikio moja lilisimama na jingine lililala. Mdomo ulitabasamu upande mmoja tu, upande ule wa mtu aliyeweka kitu mezani kando ya matonge ya viazi na anangoja mkewe akisie.

"Kumbe ni wewe," Ottilie alisema. "Mshenzi wewe. Kumbe ni wewe."

"Nani?" Kuhnert aliuliza, kichwa nje ya hema.

"Mbwa."

Machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa, naye hakuweza kuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa imeshika kioo. Sasa alikishika barabara. Hata kiwanda kingeanguka, asingekidondosha.

Bwana Hasse alitokea mlango wa ofisini pamoja na mkewe, Bibi Klotilde, aliyekuwa amejifunika shali kwa upepo. Kuhnert alikuwa amekwisha kumaliza na vanishi yake, akalilaza bamba juu ya kitambaa cheusi. Hasse aliinama, mikono nyuma.

Kisha akaangua kicheko.

"Klotilde! Njoo uone! Huyu si Mchungaji Bölke huyu? Tazama kidevu! Mungu wangu, ni yeye na miguu ya chura!" Alijipiga paja. "Na huyu mbuzi, ni mzee wa bia, mashavu yake yale! Lebrecht, Lebrecht, mwizi mkubwa! Miaka yote alikuwa anatucheka chini ya pua zetu, na mimi sikuona!"

Ottilie alisimama kama aliyepigiliwa misumari. Kidole cha Hasse kilitoka kwa mbuzi, kikapita kwa bundi, kikafika kwa bukini. Kikasimama.

"Na huyu?" Hasse alikunja uso, akapandisha nyusi moja. "Huyu simjui. Unamjua wewe? Ana sura ya mtu anayejiona."

Mpiga picha alitazama bukini, akamtazama Hasse, kisha akapata shughuli ya ghafla ndani ya masanduku yake. Bibi Klotilde alivuta shali mpaka puani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Mimi kama namjua," alisema, alipoweza kusema.

"Ni nani?"

"Mtu wa hapahapa. Ukikaa utamkumbuka." Alimtupia Ottilie jicho, jicho la mwanamke kwa mwanamke, halikuwa na hasira hata chembe. "Mume wangu, hii ipelekwe Leipzig. Ya sahani iache ukitaka, lakini hii ipelekwe."

Ikapelekwa. Kuhnert alichapa nakala za karatasi kwenye jua, moja Bibi Klotilde aliitaka mwenyewe, akaitia kwenye fremu na kuitundika chumba cha kulia, mkabala na kiti cha mumewe. Inasemekana Bwana Hasse alikuwa anaitazama kila mlo na kuuliza, "Huyu mtu ni nani lakini?" Nakala nyingine aliomba Ottilie, akapewa.

Leipzig ilijibu kabla ya mwisho wa Oktoba. Wafanyabiashara wa huko, na mmoja wa Hamburg, walikuwa wameona karatasi na wameipenda. Walitaka mazimwi, na waliwataka vile vile kama walivyowaona, weupe, bila rangi hata tone. Hakuna aliyejua kwamba walikuwa buluu, na Bwana Hasse hakuona sababu ya kumwambia mtu. Walitaka jogoo, walitaka bukini. Lakini aliyeagizwa kuliko wote, tena kwa mbali, alikuwa yule wa nyuma anayechungulia, mbwa-samaki mwenye tabasamu la upande mmoja.

"Umeshinda, Mama Köhler," Hasse alisema, amechangamka. "Nyundo inabaki msumarini. Mazimwi ya mumeo yanatulisha msimu mzima."

Ottilie alishukuru. Alirudi kwenye meza yake ya buluu, ambako sasa kazi ilikuwa kuchora kingo za sahani, akachora kingo za sahani. Alikuwa amepata alichokiomba, na alikuwa anajiuliza kwa nini hana furaha.

Alilijua jibu siku Alwine alipokuja. Alwine alikuwa amehamishiwa meza ya usafishaji, kule ambako zimwi likitoka kwenye kalibu, bado bichi na kijivu, huondolewa misitari ya maungio kwa kisu na kulainishwa kwa sifongo kabla ya kwenda tanuruni. Alikuja amebeba mbwa-samaki wa kwanza juu ya ubao, uso umejaa furaha.

"Mwenzangu, nimekuletea umwone kabla hajaungua. Na nimekufanyia jambo."

"Jambo gani?"

"Kalibu ilikuwa na kasoro, bibi wee. Pua imepinda yote. Nikasema hapana, si kazi ya Lebrecht hii, plasta imekaa vibaya. Nimemnyooshea." Alizungusha ubao. "Na mdomo ulikuwa umependelea upande, nimeusawazisha. Sasa si mzuri?"

Alikuwa mzuri. Alikuwa mbwa mzuri asiye mtu yeyote. Kila msafishaji angefanya vile vile, ndiyo kazi waliyofundishwa: kilichopinda kinanyooshwa.

Ottilie hakumgombeza. Alivua aproni, akaenda moja kwa moja ofisini, akasimama mbele ya meza ya Bwana Hasse na kumwekea picha yake juu ya karatasi zake.

"Wengine wauze," alisema. "Huyu mpe nyundo."

"Mwanamke, una wazimu? Juzi ulilia nisivunje, leo unalia nivunje? Huyu ndiye anayeuzika!"

"Huyu ni Lebrecht."

Hasse aliichukua picha, akaisogeza dirishani. Watu wote aliwatambua upesi isipokuwa mmoja, na huyu hakuwa yule mmoja. Alivua kofia, ofisini kwake mwenyewe.

"Ni yeye," alisema taratibu. "Pua yake ile."

"Alwine ameinyoosha. Kesho watamkata sikio. Mwakani atakuwa mbwa wa sokoni, na mimi nitapita Saalfeld nimkute dirishani kwa mtu, ananitazama hanijui."

Hasse alikuwa na oda, na oda alizikubali kwa sahihi yake, na Ottilie alilijua hilo hata kabla hajafungua mdomo. Ndiyo maana hakushangaa aliposema, "Sitaivunja. Siwezi, mama. Ungekuja kabla ya Leipzig ningekupa." Alimrudishia picha, ameishika kwa kingo kama alivyoona Kuhnert akifanya. "Lakini atakayemsafisha, mchague wewe."

Jumatatu baada ya Mtakatifu Martin, nyundo ilibaki msumarini na keki haikuokwa. Watu wa kiwandani walinung'unika kidogo kwa ajili ya keki. Ottilie alikuwa amekwisha kuwapa wengine brashi zake, yeye mwenye mkono ule mwepesi kuliko wote, akakaa meza ya usafishaji kando ya Alwine, kisu kidogo mkono wa kulia, sifongo na bakuli la maji kushoto. Alwine alikuwa bado hajaelewa, ila alikuwa ameambiwa pua isiguswe, naye alikuwa anaogopa hata kuitazama.

Mbwa-samaki wa kwanza wa siku ile aliwekwa mbele yake, ametoka kwenye kalibu sasa hivi, baridi na amelowa. Msitari wa maungio ulimpita katikati ya uso, kuanzia paji hadi kidevu, kama kovu. Ottilie aliukwangua polepole, akafuata pua ilikopinda, akaliacha sikio lililolala lilale. Kisha alichovya sifongo, akaikamua, akampangusa paji, akampangusa mashavu, akashuka mpaka pembe ya mdomo ile inayotabasamu, kama alivyompangusa mwezi Februari, usiku homa ilipopanda.

"Tulia," alimwambia kwa sauti ya chini. "Una udongo sikioni, mzee."

Alimsogeza upande wa tanuru, akavuta aliyefuata.